Mkono Mzima

Meneja wa kiwanda cha chai alimwachia Chepchirchir uamuzi, kwa kuwa yeye ndiye angefanya kazi na roboti hiyo kila siku, na kati ya mbili zilizoletwa wangenunua moja tu.

Ya kwanza, ndani ya uzio wa waya, ilinyanyua katoni za chai kama vibiriti vitupu. Sakafu ilitetemeka. Hakuna aliyeruhusiwa kuikaribia.

Ya pili haikuwa na uzio. Ilipanga katoni hizohizo polepole, hapohapo kwenye meza ya Chepchirchir.

"Ukiigusa inasimama, Mama," fundi aliyezileta alisema.

Chepchirchir alinyoosha mkono wa kushoto, ule ambao mashine ya zamani ilikula vidole viwili. Mkono wa chuma wa roboti ukaja, ukagusa yale makovu, ukatulia. Ulikuwa na uvuguvugu, kama ubavu wa ng'ombe wake kule Silibwet akingoja kukamuliwa.

"Haya, tuchukue gani?" meneja aliuliza.

Chepchirchir aliuondoa mkono wa kushoto, mashine ikaanza tena kupanga. Kisha akaweka mbele ya roboti ule wa kulia, wenye vidole vyote.