Mkate Wenye Kitovu

Mkate wa kwanza ulitoka na kimo cha kandambili. Mzee aliugonga kwa kidole, ukajibu kama mlango.

"Unga," alisema. "Unga wa siku hizi ni chaki tupu."

Mkewe aliutazama mkate, akamtazama yeye, kisha akautupa kwenye mfuko wa taka. Mfuko ukapasuka.

Walikuwa na miezi saba ya ndoa, yeye mgane, mke mjane, na mashine ya kuoka mkate ndiyo kitu cha kwanza walichonunua pamoja. Dukani mke alisimama kando na kusema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mafriji, "Chagua wewe. Miaka thelathini na mbili ya bekari si mchezo."

Muuzaji akanywea kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Mzee alizizunguka mashine, mikono nyuma. Alifungua mfuniko, akaufunga. Aliuliza mkate ukitoka unapoa dakika ngapi kabla ya kufungwa kwenye karatasi. Muuzaji hakujua. Mzee alitikisa kichwa kwa masikitiko, akachagua mashine yenye vishikio imara.

Mkate wa pili ulipanda vizuri, ukainua mfuniko, ukachungulia nje, ukazimia. Wa tatu ulikuwa na chumvi ya kutosha ng'ombe wawili. Kila mara mzee alipata mshtakiwa mpya: maji ya bomba, hamira, umeme, hali ya hewa.

"Mashine haina mikono," alisema. "Haijui inashika nini."

"Basi kanda kwa mikono yako."

Mzee alikohoa. "Kwa jiko hili? Nitakuwa nautukana mkate."

Alhamisi simu ililia. Dada mkubwa wa mkewe anakuja Jumapili. Huyu dada alikuwa amemtafutia mdogo wake mchumba mwingine, mwenye duka la dawa, mgane mwenye meno yake yote. Alipoambiwa mdogo wake anaolewa na mwokaji, alisema neno moja tu: "Tutaona." Sasa alikuwa anakuja kuona.

"Nimemwahidi atakula mkate wako," mke alisema. Kisha sauti ikashuka. "Mzee wangu, usiniaibishe. Yule akipata la kusema, atalisema mpaka siku ya mazishi yangu."

Mzee aliinua macho kwenye saa ya ukutani. Bekari ilimpa saa hiyo siku aliyostaafu. Aliitundika mwenyewe, akaifuta vumbi mwenyewe, wala hakutaka mtu mwingine aiguse. Tangu jana ilikuwa imesimama.

"Nitanunua betri," alisema, kana kwamba ndilo aliloulizwa.

Ijumaa alijifungia chooni na kitabu cha maelekezo. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Maji kwanza. Unga juu yake. Hamira juu ya unga, isiguse maji. Kumbe yeye siku zote alianza na hamira.

"Unafanya nini humo?" mke aliuliza mlangoni.

"Kazi!"

"Saa nzima?"

"Tumbo hili!"

Alimsikia mkewe akienda zake huku akicheka, au labda akikohoa. Mlango ulikuwa mnene.

Jumamosi alizunguka maduka sita kutafuta unga wenye nguvu. Alirudi jioni, unga begani, betri amezisahau.

Jumapili alipima kila kitu mara mbili, akabonyeza kitufe, akavuta kiti. Masaa matatu na dakika ishirini, kitabu kilisema. Alikaa mbele ya mashine kama baba nje ya wodi ya wazazi, akitupa jicho kwenye saa ya ukutani kila baada ya muda.

Mkate ukatoka. Ulikuwa mrefu, umeiva, umetuna kwa fahari. Chini tu palikuwa na tundu, pale kilipokaa kile kipande cha chuma kinachokanda unga. Mzee alipuliza vidole, akaikumbatia mashine na kuiingiza kabatini kinyumenyume, akitazama juu ya bega.

Dada mtu aliingia, manukato yakimtangulia. Alikula kipande kimoja, akakunja uso. Alikula cha pili. Baada ya cha tatu, akikosa kosa, aliupindua mkate.

"Shemeji, mbona huu una kitovu?"

Mzee alifungua mdomo.

"Dada, jamani!" mke alisema, akimwongezea chai. "Waokaji wakubwa wote hutoboa hapo, mvuke upate pa kutokea. Wewe umezoea ya dukani."

Dada alilitazama tundu kwa heshima. "Hilo nalijua," alisema, akachukua kipande cha nne.

Mlangoni, akivaa viatu, alimnong'oneza mdogo wake kwa sauti ya kusikika barabarani: "Yule wa duka la dawa hata yai hajui kuchemsha."

Mlango ulipofungwa, mke alikusanya vikombe. Alipompita mzee, alimgusa bega.

"Ahsante, mume wangu. Umetufikisha salama."

Akaenda jikoni, akiimba chini chini.

Mzee alijimwaga kwenye kiti na kutazama ni saa ngapi. Saa kumi na dakika saba. Mshale mwembamba ulikuwa unazunguka. Aliutazama ukimaliza duara zima, akakumbuka kwamba betri hakununua.

Alipanda juu ya kiti, akaishusha saa, akaigeuza. Betri ilikuwa mpya. Na maneno yaliyochongwa nyuma, mtu alikuwa ameyasugua vizuri mpaka yakang'aa: *Kwa dereva wetu wa gari la mikate. Miaka 32 bila ajali.*