Aliyelamba Mifupa

Mzungu aliulamba mfupa, akafumba macho kama mtu anayeonja asali.

"Umenasa!" Bwana Kessler akasema. "Mfupa mkongwe hunasa ulimini. Mpya huteleza."

"Ndiyo, Bwana," akaitikia Matonya. Alikuwa amesimama mbali, upande upepo unakotoka.

Kessler alipanda milima ya Kibakwe na wapagazi na askari wawili wa Kijerumani, akitafuta jambo moja tu: kwa nini wafugaji wa kale walikuwa wakihamahama. Alitaka mifupa, hasa mafuvu. La kwanza kulitamani lilikuwa la baba yake Matonya, mzee aliyezikwa ndani ya zizi lake mwaka uliopita.

Majembe yalikwishashushwa zizini Matonya alipopiga magoti. "Huyu wa juzi tu, Bwana, atakuteleza. Nitakupeleka kwenye mahame ya zamani. Watu na ng'ombe wao, wote wamo."

Dada yake, Yudith, akamtemea mate miguuni. "Unauza wafu wa wenzio kumwokoa wako! Kesho utamuuza nani, mama?"

"Dada, wale hawana neno."

Mahame yenyewe yalipendeza kuliko kijiji. Chemchemi ilitiririka, nyasi zilifika magotini, na hata kinyesi cha mbuzi usingekiona. Kessler alichimba mwenyewe. Wapagazi aliwapiga marufuku kugusa, eti mikono yao ni ya kuvunjia vyungu. Alifukua fuvu, akafukua pembe, akalamba, akacheka peke yake, midomo yake imepasukapasuka kwa upepo wa kiangazi.

"Maji yapo, malisho yapo," aliuliza kila jioni. "Kwa nini walihama?"

"Wafugaji hao, Bwana. Miguu huwawasha."

Haukupita muda, kipele kikamwota mdomoni. Kikapasuka, kikawa kidonda cheusi katikati kama kaa lililozimika, na ajabu yake hakikumuuma hata kidogo. Kisha shingo ikavimba ikawa sawa na kichwa. Askari wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi Mpwapwa.

Matonya akaja kumjulia hali. Akasimama nje ya hema, upande ule ule wa upepo.

"Matonya," Kessler akakoroma, fuvu moja bado limo mkononi. "Niambie kweli. Kwa nini walihama?"

"Kimeta cha ng'ombe, Bwana," Matonya akajibu kwa adabu. "Waliohama ni wale ambao hawakugusa."