Uso wa Shemsa, Sauti ya Badria

Mwongozaji wa filamu alitaka uso wa Shemsa na sauti ya Badria. Shemsa angesimama mbele ya kamera akichezesha midomo, na dada yake, ambaye ndui ilimwachia makovu usoni, angeimba nyuma ya pazia.

"Watu hulipa kiingilio waone uzuri," mwongozaji alisema, kana kwamba anawafanyia hisani.

Katika filamu zote zilizotangulia, kabla ya ndui, waliimba bega kwa bega. Hata hivyo Badria alikwenda nyuma ya pazia bila kubishana. "Fanya wanavyotaka, mdogo wangu," alisema.

Taa zikawaka. Sauti ya Badria ikapanda, nzito na tamu. Shemsa alisimama kimya, midomo ameifumba.

"Tunarudia," mwongozaji alisema.

Wakarudia. Shemsa akafumba midomo vilevile.

"Nitatafuta msichana mwingine."

"Mtafute," Shemsa alimjibu. "Na sauti umtafutie, maana dada yangu naondoka naye."

Akalivuta pazia, akamshika Badria mkono na kumleta kwenye mwanga. Badria akajifunika uso kwa ushungi.

"Dada, mimi nitaimba nikikuona," Shemsa alimwambia.

Badria akauacha ushungi uanguke mabegani, akaitazama kamera na kuanza wimbo upya. Shemsa akaupokea.

Mwongozaji aliinua mkono ili kamera isimamishwe. Mpiga picha aliuona mkono ule, lakini jicho lake halikubanduka kwenye kamera, nayo ikaendelea kunguruma.