Saa Moja ya Kiangi

Kabla ya alfajiri kitanda kililia kwii. Nakijwa alikuwa anamgeuza mumewe ubavu, naye mwenyewe hajaamka vizuri.

"Mama Eliza, mimi sijafungwa," mzee akanung'unika, kisha akacheka.

Ni mazoea. Siku hizi wafungwa hulala kifungo chao chote na huamshwa kwa saa moja tu kila mwaka; kwao mwaka ni kama usiku mmoja. Kwa miaka ishirini Nakijwa, muuguzi wa gereza, alikuwa akiwageuza wasipate vidonda vya mgongo. Leo alikuwa anastaafu. Mashine ingeshika nafasi yake. Na leo ilikuwa zamu ya Kiangi kuamka.

Kiangi alifumbua macho, akaitazama miguu yake iliyopakwa mafuta ya nazi.

"Mikono yako huwa naisikia usingizini," alisema. "Asante, mama."

Nakijwa alimwinua kichwa. Miaka yote alidhani hawasikii. Akamnywesha uji polepole mpaka saa ikakaribia kwisha.

"Mbona mvi zako zimeongezeka tangu jana?" Kiangi akauliza.

"Ndiyo uzee, mwanangu."

Alitaka kumwambia kuhusu mashine. Badala yake akamfunika shuka hadi mabegani, na kope za Kiangi zikaanza kushuka.

"Kesho uje tena, mama."