Utambi Usiolia

Tangu asubuhi Ammini alikuwa akikoroga mafuta ya ufuta na mizizi, dawa ya magoti ya nusu ya kijiji chao huko Kerala, kusini mwa India. Kuiva kwake huamuliwa na pua ya mama mkwe, na leo pua hiyo ilizibwa na mafua.

"Haya, Ammini, yameiva?"

Mama mkwe hakuwahi kumuuliza hivyo.

Yakiepuliwa mapema huvunda, yakichelewa huungua.

Ammini alichota machicha ya mizizi, akayasokota vidoleni yakawa utambi, akautupa motoni. Mafuta yakiwa bado na maji, utambi hutatarika. Huu uliwaka kimya.

"Epua, Mama! Upesi!" Akashtuka mwenyewe kwa ukali wake.

Mama mkwe, asiyeamrishwa hata na mumewe, alishakamata sufuria kwa matambara.

"Nimeshaepua, mganga. Sasa nichuje?"