Watu wa Matemwe

Sumaiya alipouliza, "Kwani lini tutakwenda Matemwe kwenyewe?" uani kwa Bi Wanu Ridhwan alipaliwa na kahawa, na wenziwe wakageuka kutazama vikombe vyao.

Swali lilikuwa la haki. Sumaiya alikuwa ameolewa na Khatib juzijuzi tu, hina haijamtoka, na kila Ijumaa mumewe alimleta mtaani Mpendae kwenye kikao cha watu wa kijiji cha Matemwe wanaoishi mjini. Sifa za huko alishazisikia mpaka zikamlevya. Sasa alitaka kupaona kwao mume wake.

Khatib alimkata jicho. Bi Wanu alisema goti lake siku hizi halipendi safari. Mzee Mkadam, mwenyekiti, alikohoa, akasema fikra ni nzuri ila yataka kupikwa.

"Tuipike nini, Mzee? Si kwenu?" akauliza Sumaiya, kwa adabu zote.

Nani angesema si kwao? Likakatwa shauri: Jumapili.

Ridhwan alirudi nyumbani na siri yake. Alikuwa fundi cherehani Mji Mkongwe, na Matemwe hajapata kuikanyaga. Baba yake alikuwa askari wa kuhamishwahamishwa huko bara. Watoto walizaliwa huku, wakakulia kule, na kila walikofika waliitwa wageni. Siku alipohamia Mpendae, Bi Wanu, jirani yake, alimuuliza lile swali ambalo Unguja halikwepeki: "Kwenu wapi, baba?" Mkononi alikuwa ameshika kishada cha samaki, na muuzaji alikuwa ametoka kumwapia kuwa samaki hao ni wa Matemwe. Jibu likamtoka lenyewe: "Matemwe."

Jioni ile ile akaletewa sahani ya wali. Ijumaa akaketishwa kikaoni.

Tangu hapo uwongo ukamlea kama mama. Alipougua homa, watu wa Matemwe walipokezana kumpikia uji. Mama yake alipofariki, Mzee Mkadam alisimama mlangoni akipokea rambirambi kama mtu wa damu. Naye Ridhwan akawalipa kwa alichokuwa nacho, yaani maneno. Aliwasimulia alivyokuwa akikaa kizingitini kwa bibi yake, akilitazama jua likizama baharini mbele yao. Wenziwe waliitikia kwa vichwa, macho yakiwalengalenga.

"Jua lile, we acha tu," alisema Bi Wanu.

Jumamosi Ridhwan alishindwa kuvumilia. Alimfuata Mzee Mkadam msikitini baada ya sala ya alasiri, akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, nna neno linanikaa kooni. Kuhusu hiyo safari ya kesho."

Mzee alimshika mkono kabla hajaendelea. "Neno litasubiri. Akose mwengine yeyote, lakini wewe usikose. Umenisikia?"

"Nimesikia," alisema Ridhwan.

Basi wakaenda. Gari ya kukodi ilijaa watu, vyungu vya biriani na kelele. Mjini waliimba. Walipoiacha lami kubwa, waimbaji walipungua. Minazi ilipoanza kukaribiana na upepo wa bahari kuingia madirishani, aliyebaki akiimba ni Sumaiya peke yake, tena kwa furaha. Khatib alikuwa amejifanya kalala. Ridhwan alihesabu walivyomfaa watu hawa, akaona baada ya leo hatakuwa na wa kumzika.

Mwanzo wa kijiji, bibi mmoja alikuwa akianika mwani kando ya njia, bahari iko nyuma yake, upande jua linakochomoza. Dereva akazima gari, akageuka kuuliza waelekee wapi. Abiria wakainamia vyungu vya biriani.

"Karibuni, wanangu," alisema yule bibi, akijipangusa mikono kwa kanga. "Wageni wa nani nyinyi?"

Ridhwan aliinamisha kichwa, akasubiri Mzee Mkadam amtaje babu yake, Bi Wanu auonyeshe mnazi kilipozikwa kitovu chake. Alipoinua uso, gari zima lilikuwa likimtazama yeye.

Mzee Mkadam aliinama mpaka sikioni mwake.

"Shuka, mwanangu, katujulishe kwa jamaa zako," alinong'ona. "Humu garini mtu wa Matemwe ni wewe peke yako."