Nati ya Baiskeli

Hivi wewe umewahi kuionea wivu nati ya baiskeli?

Kulwa aliionea. Ilikuwa na kutu upande mmoja, imening'inizwa kwa uzi kwenye kenchi ya baraza lao kule Zombo, ikienda na kurudi taratibu. Pacha wake, anayefundisha fizikia chuo kikuu, alikuja likizo na vitabu vyake, akataka kupima dunia inavuta vitu kwa nguvu kiasi gani pale kwao. Yeye alishika saa ya simu, mama akapewa kazi ya kuhesabu kila nati ilipokwenda na kurudi.

Kulwa akatokea zizini na ndoo ya maziwa.

"Usipite hapo, dada," pacha akamwambia. "Utaleta upepo."

"Sitini na nne," mama akahesabu, macho hayabanduki kwenye nati. "Sitini na tano."

Miaka ishirini Kulwa alikuwa akimkamulia mama ng'ombe na kumkanda miguu, na mama hakuwahi kumtazama namna ile, hata siku ambazo Kulwa mwenyewe aliugua.

Akaweka ndoo chini, akanyoosha mkono, akaikamata nati.

"Umeshatuharibia, mwanangu," mama akasema. "Haya, unataka nini?"

"Nataka na mimi uniangalie hivyo."